Jile la Mama Rosette

Élisée wa Katoyi, mchunga ng'ombe wa Masisi ambaye vita vilimgeuza kuwa msukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hakuwahi kupanda chombo kinachoelea. Asubuhi hiyo alipanda, kwa sababu barabara ya Minova ilikuwa imefungwa, na mke wake Rosine, aliyekwenda huko kujifungulia kwa mama yake, alikuwa anavuja damu hospitalini. Mtoto alitoka salama. Rosine ndiye aliyekuwa anakwisha. Kundi la damu yake ni adimu, na mara iliyopita alipohitaji damu lilipatikana katika mkono wa kushoto wa Élisée tu. Kwa hiyo alikuwa abiria na mzigo kwa pamoja.

Gatini walimvika jile, koti lile la kuelea, la rangi ya machungwa. Akaona serikali imemkumbuka hatimaye. Akalifunga kamba kwa fundo wanalofungia mguu wa fahali huko kwao, fundo ambalo likilowa halimtii hata aliyelifunga.

"Usiogope, papa," alisema Kasoki, mchuuzi aliyekalia magunia yake ya maharagwe. "Kivu haina mamba. Iko na gaz tu, ile ya sumu chini ya maji."

Mashua ilipopita rasi, mbali na macho ya wakaguzi, nahodha Bagalwa akazima injini. Mtumbwi ukasogea, na ndani yake, chini ya mwavuli, ameketi Mama Rosette, mwenye majile. Abiria wakavua na kumrushia bila kuambiwa, kama waumini wakati wa sadaka. Ndiyo desturi: jile huvaliwa kwa heshima ya wakaguzi, kisha hurudi kuvalisha mashua inayofuata. Ziwa lenyewe halihusiki.

"Na wewe, muzee?" akauliza Mama Rosette.

"Mimi sitoi. Sijui kuogelea."

"Na sisi tunajua?" akauliza Kasoki. Mashua nzima ikacheka.

"Kama jile haijarudi, hatuendi," alisema Bagalwa. "Kesho nitavalisha batu nini? Masufuria?"

Simu ikalia. Alikuwa Charline, dada yake Rosine.

"Shemeji, uko wapi? Docta anauliza. Midomo ya Rosine imekuwa nyeupe."

"Niko njiani."

"Mbona sisikii moteri?"

Élisée akazirukia kamba ili avue. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kuzilowesha. Akavuta, fundo likakaza. Kasoki akajaribu kwa meno, Bagalwa kwa bisibisi.

"Umefunga nini humu, papa? Ng'ombe?"

"Ndiyo," akajibu, maana ndivyo ilivyokuwa. "Kateni. Tafadhali, kateni."

"Mutu asikate kitu yangu!" alifoka Mama Rosette kutoka mtumbwini.

Mama Rosette akalitazama fundo, kisha akamtazama mwenye fundo, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi mpaka kidevuni. Hakuna aliyecheka tena. Akafunga mwavuli.

"Sogeeni." Akapanda, mashua ikalala upande, akashika mkanda wa jile. "Washa moteri. Jile yangu haitembei bila mimi."

Katikati ya ziwa upepo wa kusini ukaamka. Maji yakaingia kama yanamwagwa kwa ndoo. Magunia yakatupwa, na Kasoki aliyasukuma ya kwake mwenyewe huku akisali Salamu Maria kwa sauti ya kugombana. Kisha watu wakakumbuka kwamba humo ndani kulikuwa na kitu kimoja tu chenye uwezo wa kuelea. Wakamwangukia Élisée wote, Mama Rosette mbele, kama mwenye mali.

"Mushike shingo!" alipiga kelele chini ya rundo, mkono wa kushoto ameuficha tumboni. "Mushike miguu! Lakini huu mukono muuache!"

Upepo ulipotulia mashua ikafika Minova, wakamkuta Charline ndani ya maji mpaka magotini. Akamvuta Élisée mbio kuelekea hospitalini. Mama Rosette alikimbia nyuma yao hatua chache, bado ameshika mkanda, kisha akauachia.

Muuguzi alijaza mfuko mmoja.

"Toa ingine," alisema Élisée.

"Inatosha, papa. Utaanguka."

"Acha nianguke."

Mfuko ukapelekwa nyuma ya pazia. Kutoka alipolazwa aliona unyayo mmoja tu wa Rosine, wa rangi ya majivu. Akaukazia macho kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa na hajapumua.

"Tikisa kidole," akanong'ona. "Kimoja tu, mama. Tikisa."

Kikatikisika, au mtu aligonga kitanda. Élisée hakuuliza. Akaomba tena.