Jaribio Lililokubali Kila Kitu

Kazini wananiita Taratibu. Jina hilo nilipewa na mwenzangu wa meza ya pili, ambaye naye hatukumwita Umeme bure.

Tunatengeneza programu inayotunza historia ya faili. Ukiandika, ukafuta, ukajuta, unairudisha faili ilivyokuwa juzi, na kila mstari hubaki na alama ya aliyeuandika na siku aliyouandika. Wateja wanaipenda kwa sababu haisahau. Mwezi ule ikaanza kusahau. Mwandishi mmoja wa vitabu vya shule alibadilisha jina la sura yake kutoka “rasimu ya mwisho” kuwa “rasimu ya mwisho kabisa”, na historia yote ya nyuma ikayeyuka. Alitupigia simu akiwa mpole kupita kiasi, jambo ambalo bosi wetu alisema linamtisha kuliko matusi.

Hitilafu hiyo akapewa Umeme. Alikuwa kwenye miezi yake ya majaribio, nayo ilikuwa inaisha Ijumaa saa kumi jioni. Bosi alikwisha sema wazi: ikirekebishwa, anasaini mkataba, isiporekebishwa, wanaagana kwa amani. Kibaya zaidi, Umeme alikwisha mwambia baba wa mchumba wake kwamba ameajiriwa kabisa, na Jumamosi alitarajiwa ukweni na barua mkononi. Si kila mkwe anayedai barua ya ajira, lakini huyu kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani.

Ijumaa hiyo saa nne asubuhi akaniletea kazi niipitie: marekebisho ya mistari kumi na miwili, na jaribio la kuyathibitisha. Jaribio ni programu ndogo inayoikagua ile kubwa. Likiridhika linaonyesha kijani, likikataa nyekundu. Lake lilikuwa kijani. Akasimama nyuma ya kiti changu akichezea funguo. Nilipoweka rula kwenye skrini ili nisiruke mstari, akauliza kama nasoma au nasali.

Kazi hii sikuisomea darasani. Nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu kimoja kimoja, ndiyo maana nina desturi: kabla ya kuliamini jaribio, nayaondoa marekebisho nione kama litalalamika. Nikayaondoa. Kijani. Nikadhani nimekosea, nikaliendesha tena. Kijani. Nikafuta nusu ya sehemu inayotunza historia, kitendo cha kuilaza programu kitandani. Kijani kibichi, kama majani baada ya mvua.

Funguo zikanyamaza.

“Hili jaribio,” nikamwambia, “ukiliuliza kama mimi ni mjamzito, litakubali.”

Tukashuka na rula hadi mstari wa kumi na tisa. Jaribio liliandika maneno kwenye faili, likabadilisha jina la faili, likaiomba programu toleo la zamani. Kisha, badala ya kulinganisha kilicholetwa na maneno ya mwanzo, lilikilinganisha na hichohicho kilicholetwa. Programu ikileta utupu, utupu ulikuwa sawa na utupu, na wote wakapongezana.

Umeme akajitetea kwamba mstari huo si wake. Aliunakili kutoka jaribio la zamani, kama afanyavyo kila mtu ofisini. Nikaitikia kwa kichwa, nikavuta karatasi, nikaanza kumwandikia mawaidha juu ya watu wanaonakili bila kusoma. Sentensi ya kwanza ilitoka nzuri sana. Lakini silaumu mstari kabla ya kuuliza nani aliuzaa, kwa hiyo nikaiuliza programu. Ikajibu bila aibu: jina langu kamili, Jumanne, miaka sita iliyopita. Aliyeupitia na kuukubali: bosi.

Umeme aliona kabla sijafunika kwa rula. Akaonyesha meno yote thelathini na mawili. Nikayakunja mawaidha yangu, nikayatia mfukoni.

Tukausahihisha mstari. Bila marekebisho, nyekundu. Pamoja na marekebisho, kijani. Kazi ya Umeme ilikuwa safi. Shahidi wake ndiye aliyekuwa mwongo. Lakini tulipoutafuta mstari ule kwingine, tukaukuta kwenye majaribio mengine thelathini na saba, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

“Mzee,” Umeme akasema taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, “hayo mengine tumwambie bosi Jumatatu. Akisikia leo, hatasaini kitu.”

Nilimwonea huruma. Nikamfikiria pia yule mkaguzi wa mizani. Tukaingia kwa bosi pamoja, nikasema yote: marekebisho ni sahihi, mstari mbovu ni wangu, na aliyeupitisha ni yeye. Bosi akaisoma ile tarehe mara mbili. Akanikumbusha kwamba Jumanne ile nilimwapia nimeukagua mara tatu. Kisha akavuta kalamu. Ilibaki dakika nne kufika saa kumi.

“Taratibu atayaandika upya yote thelathini na saba,” akasema akisaini. “Na wewe ndiye utakayeyapitia.”

Jumatatu Umeme alinisimulia kwamba mkwe aliiinua barua kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akauliza imethibitishwa na nani. Kisha Umeme akavuta kiti, akatoa rula mpya mfukoni na kuiweka kwenye skrini yangu, mstari wa kwanza.

“Tuanzie hapa, mzee,” akasema. “Sina haraka.”