Tarehe ya Kurudi

"Bi Earline, umeandika nini hapa?"

Earline Pettway alikuwa bado amepiga magoti chini ya injini ya roketi, taa ndogo mkono mmoja, kioo chenye mpini mrefu mkono wa pili. Alichomoa kichwa taratibu, maana miaka sitini na tatu hairuhusu papara mahali penye vyuma. Msimamizi wake, Haskell, alikuwa amesimama na fomu, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Nimeandika tarehe."

"Tarehe ya ukaguzi wa kurudi?"

"Ndiyo hiyo."

Haskell alishusha sauti. "Bi Earline, hii hairudi."

Earline aliitazama fomu. Mwandiko ulikuwa wake kweli. Kwa miaka thelathini, kila alipomaliza kukagua injini kabla ya safari, mkono ulishuka wenyewe hadi mstari wa chini na kuandika siku atakayoipokea tena. Injini hii waliyoiita Ishirini na Tisa alikuwa ameipokea mara kumi na moja, enzi za vile vyombo vya angani vyenye mabawa, vilivyokuwa vikirudi na kutua kama ndege. Karibu na mdomo wa injini hiyo kulikuwa na mrija uliowahi kubonyea kidogo, naye akawa anauchungulia kwa kioo hikihiki safari baada ya safari, na haukumwangusha hata siku moja. Sasa serikali ilikuwa imeifunga pamoja na nyingine tatu chini ya roketi yake kubwa mpya. Zingewaka dakika nane, kisha zote nne zitumbukie baharini, basi.

"Kata huo mstari, uweke herufi za mwanzo za jina lako pembeni," Haskell alisema. "Bila hivyo karatasi haipiti, na roketi haitoki humu ndani."

"Na nisipokata?"

"Ataletwa mtu mwingine aikague upya, na wewe utaambiwa ukapumzike nyumbani. Tafadhali, usinifanyie hivyo."

"Nani aliamua zitupwe?"

"Unawajua. Waheshimiwa kule bungeni, kila mmoja anataka kiwanda cha kwao kisifungwe. Roketi ikirudi nzima, viwanda vitatengeneza nini? Mimi na wewe tunakaza nati tu."

Hasira zilimpanda Earline mpaka masikio yakawaka. Hakumkasirikia Haskell, ambaye hakuamua lolote. Kilichomuuma ni kwamba kitu kizima, kinachofanya kazi, kilichotunzwa kama mboni ya jicho, kinatupwa kwa sababu kukirudisha hakumnufaishi mkubwa yeyote. Upuuzi mtupu! Na kilichomuuma zaidi ni kwamba walimtaka yeye, kwa mkono wake mwenyewe, akubali.

Jumapili iliyopita mdogo wake Cleophus, fundi katika kampuni binafsi ya roketi iliyo ng'ambo ya barabara, alikuwa amemtania mezani mpaka kuku akamshinda kumeza.

"Dada, nyinyi mnanunua basi jipya kila abiria wakishuka! Sisi letu linarudi, tunalifuta masizi, linaondoka tena. Na kwa bei ya safari yenu moja, sisi tunakwenda hata mara kumi."

"Na hilo basi lenu linafika mwezini?"

"Bado. Litafika."

"Likifika uniite. Kwa sasa nisogezee wali."

Alijibu hivyo kwa kuwa asingekubali kuchekwa nyumbani kwake. Lakini usingizi ulimpaa. Kufuta masizi! Yeye na wenzake walikuwa wakifuta masizi kwenye injini hizi Cleophus akiwa hajui hata kushika bisibisi. Leo ndugu yake anamfundisha kazi aliyoianza yeye.

"Bi Earline?" Haskell aliita tena, fomu ingali mkononi.

Alichukua kalamu. Kanuni ya karakana inasema kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka. Akakata hivyo, akaweka herufi zake pembeni.

"Lakini hili si kosa," alisema. "Liandike hilo pia."

"Hakuna nafasi ya kuandika hilo."

"Najua hakuna."

Roketi iliruka Alhamisi asubuhi, na nyumba za Titusville, mji wa jirani, zikatetemeka madirisha. Wafanyakazi walikula maharage na mkate wa mahindi kama ilivyo desturi kila roketi ikipaa, wakapigana mabega, wengine wakalia kwa furaha. Earline alishika sahani yake huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Dakika ya nane ilipotimia akaiweka mezani, haijaguswa.

Zilipita siku kumi na tatu. Tarehe iliyokatwa ikafika, na ilimkuta karakanani akifuta vumbi kwenye kile kitanda cha chuma alichokuwa akilazia Ishirini na Tisa kila iliporudi. Hakuna aliyemtuma.

Mshindo ukapiga angani, ukafuatiwa na mwingine, vilevile kama zamani, pale chombo kilipokuwa kikitangaza kwamba kimefika. Kabla hajafikiri alikuwa amesimama, taa mkono mmoja, kioo mkono wa pili. Mishindo ilipokoma ndipo alipokumbuka chombo kinachorudi sasa ni cha nani.

Ng'ambo ya barabara, basi la akina Cleophus lilikuwa linatua, vumbi limelizingira miguuni. Earline alibaki mlangoni akiliangalia, taa yake ikiwaka mchana kweupe, na hakuizima.