Shuka la Jumamosi

Mashine ya kukausha ilikuwa imegoma tangu asubuhi, kwa hiyo mashuka yote ya wodi yalianikwa kwa mkono. Mama Mashuka aliyabana kambani moja baada ya jingine, jicho likienda na kivuli cha ukuta. Kivuli kikigusa bomba, zamu yake imekwisha. Kilikuwa kimeshalipita bomba.

"Naomba niende, bosi," alimwambia msimamizi wa zamu. "Leo Jumamosi. Watoto wananingoja."

"Watoto wa nani? Wako si alishakua akaondoka?"

"Wa darasa la dini."

"Basi Mungu wao atawashikilia kidogo," msimamizi alisema, akacheka peke yake. "Maliza hiyo kamba."

Aliimaliza. Nauli ilikuwa imepanda tena wiki hiyo, na hela aliyokuwa nayo ilitosha ama basi ama sabuni ya nyumbani. Akajikaza kisabuni, akatembea. Kwapani alibana shuka kuukuu ambalo hospitali ililitupa kwa sababu ya doa lisilotoka.

Shuka hilo ndilo lilikuwa darasa lenyewe. Kila Jumamosi alilitandika sakafuni katika chumba cha nyuma cha kanisa, watoto wakalizunguka, na kila mmoja akaweka juu yake kitu kimoja kutoka katika wiki yake: kizibo, jino lililong'oka, karatasi ya dawa, kamba ya mbwa aliyepotea. Halafu waliuliza. Sheria ilikuwa moja tu: swali halikatazwi, na mtu mzima asiyejua jibu aseme sijui. Wazee wa kanisa walisema hiyo si dini, ni kupiga soga na Mungu. Yeye hakuona ubaya wa kupiga soga na Mungu.

Jambo hilo hakulitoa kitabuni. Siku ya mazishi ya mumewe, binti yao, mdogo bado, aliuliza kwa sauti katikati ya ibada: Mungu alikuwa wapi baba alipokuwa anaita usiku kucha? Mama yake alimfinya paja. Mtoto akanyamaza, na habari za Mungu hajamwuliza mama yake tena mpaka leo. Sasa anaishi mji mwingine. Hupiga simu, huuliza afya, huuliza bei ya unga, na mama akisema, "Nakuombea, mwanangu," yeye hujibu, "Haya mama, salio linaisha." Mama Mashuka alikuwa na hamu na swali lile. Angetoa chochote aulizwe tena.

Alipofika kanisani alikuta mikeka ya kukalia watoto imeondolewa. Watoto walikuwa wamepangwa kwa safu kwenye viti vya plastiki, wakiitazama runinga mpya iliyofungwa ukutani. Katibu wa kanisa alisimama kando, rimoti mkononi.

"Umechelewa, mama yangu," Katibu alisema kwa upole. "Lakini usijali. Makao makuu wametuletea mfumo wa kisasa. Masomo yote yamesharekodiwa. Kila kanisa somo moja, mtihani mmoja."

"Na mimi?"

"Wewe ni nguzo yetu, nani asiyejua? Ila siku hizi mwalimu lazima awe na cheti. Utabaki humu humu, kuwanyamazisha tu. Na ule ufunguo wa chumba hiki nitauomba baadaye."

Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wote wawili walijua. Mama Mashuka akaenda kusimama ukutani na shuka lake kwapani.

Kwenye runinga alitokea mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. "Watoto wapendwa," akauliza, "nani anatusikia tunapoomba?" Akatabasamu, akangoja. Watoto wa Mama Mashuka walikuwa wamezoea kufikiri kwanza. Hakuna aliyejibu.

"Vizuri sana!" akasema yule mtu. "Mmejibu vyema!"

Watoto walitazamana. Kisha Kidoti, mjukuu wa fundi viatu, alishuka kitini. Alikuwa ameshika miwani ya bibi yake, aliyezikwa katikati ya wiki. Alitafuta sakafuni mahali pa kuiweka, hakupaona. Akaielekeza kwa runinga.

"Bibi aliomba apone," alisema. "Aliomba sana, mimi nilikuwa nasikia. Mbona Mungu hakusikia?"

"Sasa tuimbe," runinga ikasema.

"Na mbona huyu hasikii?"

"Mama Mashuka," Katibu aliita, "ndiyo kazi yako hiyo. Mnyamazishe."

Akaenda. Alipoinama, Kidoti alidhani atafinywa, akavuta mguu nyuma. Mama Mashuka aliuona ule mguu ukirudi nyuma, na roho ikamuuma kama siku ile ya mazishi. Akalitandika shuka pale pale kati ya safu, akaketi chini, magoti yakalia.

"Weka hapa," alisema. "Uliza tena, mwanangu. Taratibu."

Kidoti aliiweka miwani. "Mungu alikuwa wapi?"

"Sijui. Nami niliuliza hivyo hivyo, mume wangu alipokuwa anaita. Sijui mpaka leo. Wewe ulikuwa unafanya nini, bibi akiomba?"

"Nilimshika mguu. Ulikuwa wa baridi."

Laiti binti yake angekuwa mlangoni pale, asikie. Nyuma yao viti vilikwaruza sakafu. Watoto walikuwa wanashuka mmoja mmoja, wanakuja kuketi. Katibu akaongeza sauti ya runinga. Ilipoonekana haisaidii, alikuja akasimama juu ya shuka na viatu vyake, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo, mama. Na Jumamosi ijayo usijisumbue kuja."

Mama Mashuka alifungua fundo kwenye pindo la kitambaa chake, akautoa ufunguo, akampa bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Kidoti, maana mtoto alikuwa bado hajamaliza kuuliza.