Mtungi wa Mtiifu

Usingizi ulinichukua nimeketi, kofia ninayoishona bado mapajani, jioni ile dada Zuwena na kaka Shaibu waliyogombana kwa ajili yangu. Wote wawili walisomea kuandika programu za kompyuta, wakaajiriwa ofisi moja. Kaka akaacha, sasa anafuga kuku. Dada bado yupo, na amenipatia nafasi ya kujifunza hapo kwao, mimi niliyeishia darasa la saba.

"Utakauka ungali hai, Mize," kaka aliniambia. "Kutwa unasaka kosa moja, ukilipata linazaa jingine."

"Na wewe kutwa unanusa mavi ya kuku," dada akamjibu. "Mwache mtoto aje."

Jibu lilitakiwa asubuhi, nafasi isije ikapewa mwingine. Nami sikuwa nalo. Tangu tumzike mama sikuwa na hamu wala chuki na kitu; niliwasikiliza kama asikiaye redio ya jirani, kisha nikalala.

Nikajiona katika nchi tambarare, nyeupe kama unga, isiyo na upepo wala kivuli, na miguu yangu ikikanyaga bila kusikia joto wala baridi. Mwanamke mrefu, macho yake hayapepesi, akanishika mkono akasema anaitwa Makini, tukaenda hadi penye ziwa. Pembeni yake jitu lisilo na uso lilikuwa likichota maji kwa kata na kuyamimina juu ya mtungi uliofunikwa kifudifudi. Maji yakagonga kitako cha mtungi, yakatiririka ziwani.

"Huyo ni Mtiifu," Makini akasema. "Aliambiwa amimine mpaka mtungi ujae. Hana akili ya kuuliza, wala hachoki. Ziwa hili lote ni kazi yake."

Kwenye benchi moja waliketi wawili, ambao kazi yao ilikuwa kumpa amri. Uchovu alikuwa amejilaza, kope zimevimba. Udadisi alikuwa ameinama mbele, kanga imelowa hadi magotini, wala hana habari.

"Karibu uoze na sisi, mwanangu," Uchovu akaniambia.

"Usimsikilize huyo," Udadisi akacheka. "Huyo hata pilau humchosha kabla hajanawa."

Nikamuuliza Makini, "Sasa mkweli ni nani, bibi?"

"Wote wakweli. Benchi ni moja, kazi ni moja, na kila mmoja anakusimulia siku yake jinsi ilivyo. Hakuna anayeweza kukusimulia yako. Toa amri."

Nikamwambia Mtiifu, "Geuza mtungi, umimine kata moja, ufanye hivyo mpaka ujae." Akaugeuza ukakaa wima, akamimina. Halafu akaugeuza tena, maji yote yakamwagika, akamimina juu ya kitako. Akageuza, akamimina, akageuza.

"Ndiyo hivyo mpaka kiama," Uchovu akapiga mwayo. Udadisi alikuwa akicheka hadi machozi.

Mimi sikupiga mwayo, wala sikucheka. Nilikaa chini kwenye tope, nikaitazama ile mikono ikienda na kurudi, nikairudia amri yangu neno baada ya neno kama ninavyohesabu vitundu vya kofia iliyokwenda upande. Hata sijui nilikaa muda gani. Ndipo nikaona: kugeuza ni mara moja tu, mwanzoni, kinachorudiwa ni kumimina. Nikafumbua mdomo.

"Mize. Mize, amka, kumekucha."

Nikausukuma mkono wa dada kwa nguvu hata akarudi nyuma.

"Makubwa. Nimekukosea nini?"

"Umeniamsha sijamaliza," nikasema, na sauti ilinitoka ikitetemeka kwa hasira. Dada akanikodolea macho. Nami nikashangaa, maana sikuwa nimekasirikia kitu tangu msibani. Wala haikuwa furaha. Hiyo bado sijaiona. Lakini kaka, penye ziwa lile, angeshukuru kuamshwa.

"Nangoja jibu lako," dada akasema taratibu.

"Nitakwenda," nikamwambia. "Kaka hakunidanganya, usigombane naye tena. Nipishe nikaoge."