Kichochoro Kilichomezwa na Ramani

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Kalamu alifunga nyumba ya mwisho kwenye ramani yake, akaegemea kiti na kujipongeza kimoyomoyo. Mtu wa miaka hamsini na mmoja akimaliza kwa siku tisa kazi ambayo vijana huikokota siku kumi na tano, ana haki ya kutabasamu peke yake, na Kalamu aliitumia haki hiyo kikamilifu.

Jina la Kalamu alibandikwa ofisini, likamkaa kuliko hata alilopewa na wazazi wake. Alianza kuchora ramani za mji enzi za wino, meza zilipokuwa za kuinama na mtu akipiga chafya anaharibu mtaa mzima. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa rika lake waliomba kuhamishiwa masjala. Yeye alibaki, na ingawa miezi ya mwanzo kipanya kilimkimbia mkononi kama sabuni, mwishowe walizoeana. Aliipenda kazi yake, na hakuona aibu kusema hivyo mbele za watu.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Kwenye skrini unawekewa picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, mapaa na miti na nguo za watu kambani. Juu ya picha hiyo unachora. Unabofya kona ya kwanza ya nyumba, ya pili, ya tatu, mpaka unarudi ulikoanzia, na hapo nyumba inakuwa umbo lililofungwa ambalo kompyuta inaweza kulipima. Kisha kuna kitu wanachokiita mnaso. Ukiuwasha, nukta unayoiweka karibu na nyingine inavutwa na kushikana nayo, ili nyumba mbili zenye ukuta mmoja zisiachiane mwanya wa uongo. Kwenye ramani hii mnaso ulikuwa umechangamka kweli. Kalamu alibofya tu, kona zikarukiana zenyewe, naye akaamini kwamba hatimaye mkono wake umeiva.

Njia alizichora mwisho, na hapo alikuwa na mazoea ya zamani ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea. Akimaliza nyumba aliizima picha ya chini, skrini ikabaki nyeupe yenye maumbo matupu, kisha akapitisha barabara na vichochoro kwenye weupe uliobaki. "Nyumba zikikaa sawa, njia zinajionyesha zenyewe," aliwaambia vijana, hata wale ambao hawakumuuliza.

Mkuu wa chumba cha kuchorea alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Walimwita Mama Tabaka, kwa sababu ukimpelekea shida yoyote, hata ya kuumwa kichwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umewasha tabaka gani?", yaani ipi kati ya picha, nyumba na njia zinazopandana kwenye skrini. Aliipitia kazi ya Kalamu juu juu, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mzee Kalamu, siku tisa! Umetuaibisha."

Ramani ikachapishwa, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kwa siku saba, aliyeona dosari aje aseme. Ijumaa ingepigwa muhuri. Baada ya muhuri mstari hausogei mpaka kamati ikae, na kamati hiyo hukaa mara mbili kwa mwaka, tena ikijisikia.

Jumatano asubuhi mama mkwe wake Kalamu alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuchorea, mkoba umebanwa kwapani. Hakuwahi kukanyaga ofisi ile. Kalamu aliinuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mchora ramani."

"Ndiye mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nataka unionyeshe mlango wangu unatokea wapi."

Kalamu alimvutia kiti, akaifungua ramani, akaikuza mpaka nyumba ya mama mkwe ikajaa skrini. Ilikuwa imeshikana ubavu kwa ubavu na karakana ya seremala, ukuta mmoja, hakuna hata uzi wa weupe katikati. Alitazama, akapepesa macho, akatazama tena.

"Mlango wangu," alisema mama mkwe, akikigandamiza kidole kwenye skrini, jambo ambalo Mama Tabaka hakumruhusu mtu yeyote, "unafunguka ndani ya karakana ya seremala. Nikitaka kwenda sokoni nipite juu ya randa zake?"

Kumbe seremala alikuwa ameisoma ramani ubaoni. Asubuhi hiyo aliteremsha matofali kwenye mdomo wa kichochoro. Alitaka kuziba ncha zote mbili na kuezeka juu, apate stoo ya mbao kabla mvua hazijaanza.

"Na amenijia kwa heshima zote," mama mkwe aliendelea. "Eti, 'Mama, mimi sina neno, ila ramani ya serikali imesema hapa hakuna njia. Una mlango wa uani.' Nipite uani kwa watu, chini ya nguo zao mbichi, kama mwizi, mimi mwenye nyumba!"

"Mama, hiki kichochoro kipo. Mimi nakijua."

"Unakijua?" Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo ilipochoma. "Umepita pale miaka miwili ukimtafuta binti yangu. Mchana umo, jioni umo. Leo ndiyo umepasahau?"

Vijana wote chumbani wakazama kwenye skrini zao kwa bidii ambayo haijapata kuonekana tangu ofisi ijengwe.

Kalamu alihisi masikio yanawaka. Pale kwenye kichochoro ndipo alipokutana na mkewe. Binti alikuwa amebeba beseni la maji, yeye akajibanza ukutani ampishe, na alipofika kwao shati lilikuwa jeupe mgongo mzima kwa chokaa. Aliona aibu kuliko kama angekuwa amekosea kuchora ikulu.

Akaiwasha picha ya angani. Kichochoro kilikuwepo, mstari mwembamba wa kivuli katikati ya mapaa mawili. Basi nani alikimeza? Alifungua mipangilio ya mnaso. Umbali: tatu. Miaka yote aliandika tatu, maana yake vidoti vitatu vya skrini, umbali wa kuchezea. Lakini mwezi uliopita alibadilishiwa mashine, na kwenye mashine hii mpya, pembeni ya ile tatu paliandikwa "mita". Alikuwa amepaona kila siku, hakupasoma hata siku moja.

Mita tatu! Kila nafasi nyembamba kuliko hapo, kuta zake mbili zilikuwa zimerukiana na kukumbatiana. Naye, kwa kuwa aliizima picha kabla ya kuchora njia, hakuona weupe wowote wa kupitishia mstari.

"Basi kirudishe," alisema mama mkwe.

Angeweza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mkono ulishashika kipanya. Mama Tabaka, ambaye alikuwa amesogea taratibu, akainama sikioni mwake.

"Mzee wangu, ramani iko ubaoni. Ukisogeza mstari wa mkweo kimyakimya, seremala atasema nini? Kuna fomu. Kipimo kichukuliwe pale pale, majirani wa pande zote mbili watie sahihi. Ikifika Ijumaa bila sahihi ya seremala, napiga muhuri kama ilivyo. Sina namna."

Kalamu alimsindikiza mama mkwe mpaka getini, akarudi, akaipitia ramani yote upya na picha ikiwa wazi. Alasiri alikwenda kwenye meza ya mkuu wake.

"Mkuu, si kimoja. Vimemezwa vichochoro kumi na kimoja. Kosa ni langu, hakuna wa kumsingizia."

"Umewasha tabaka—"

"Mita. Niliwasha mita, nikidhani ni vidoti."

"Siku tisa," alisema Mama Tabaka. "Ndiyo maana." Kisha akaandaa fomu kumi na moja, kumi akawagawia vijana. Ile moja alimpa Kalamu mwenyewe.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe alimfungulia mlango huku amejiziba mdomo na khanga.

"Umemfungia mama yangu mlango?"

"Kwa bahati mbaya."

"Pale pale?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kalamu hakucheka. Alikuwa akiwaza Ijumaa.

Alhamisi alasiri alifika na utepe wa kupimia. Kwenye mdomo wa kichochoro, rundo la matofali lilimsubiri, na seremala amelikalia juu, penseli sikioni. Hakuwa mtu mbaya. Stuli aliyokalia mama mkwe mlangoni pake, akiwatazama, aliitengeneza yeye na hakumtoza kitu.

"Kalamu, mimi na mama hatuna ugomvi," alianza. "Lakini mbao zangu zinalowa kila mwaka, na ramani imesema."

"Ramani imekosea. Na si ramani, ni mimi. Niliweka kipimo bila kukisoma, kuta zikashikana. Naomba radhi."

"Leo ndiyo unaona? Maana ni mkweo."

Hilo Kalamu alilitegemea. Akamwomba ashike ncha ya utepe, na seremala, kwa kuwa mkono wa fundi haukatai utepe, akaushika. Mita moja na sentimita ishirini. Kisha Kalamu akaikunjua ramani juu ya matofali, yenye alama kumi na moja za wino mwekundu.

"Hizi zote nilizimeza. Hii ya mama ni mojawapo tu. Angalia hii hapa, nyuma ya karakana yako."

Seremala aliinama. Nyuma ya karakana kulikuwa na kichochoro kingine kati yake na nyumba ya dobi, na humo ndimo mbao zilimopita kutoka barabara kubwa. Kwenye ramani hakikuwepo. Nyumba ya dobi ilikuwa imemganda mgongoni.

"Dobi ameiona hii?" aliuliza polepole.

"Imebandikwa kwa wote."

"Amewahi kuniambia anataka kuongeza chumba." Seremala aliichomoa penseli sikioni, akajikunia kidevu. "Sasa mbao za futi kumi na mbili nitazipitisha wapi?"

"Kwangu," mama mkwe alidakia kutoka kwenye stuli, "nikikuruhusu."

Seremala alianza kutikisika mabega, kisha kicheko kikamtoka chote, na mama mkwe naye akashindwa kujizuia.

"Lete hiyo fomu, Kalamu. Lakini kweli, mama, mbao zangu zinalowa."

"Kwani ulishawahi kuniomba? Uani nina banda, mna baiskeli mbovu na kuku wawili. Weka mbao zako. Ila vumbi la msumeno usiniletee."

Seremala akatia sahihi kwa penseli. Kalamu akamrudishia fomu na kalamu ya wino, maana penseli ofisini haihesabiki, akatia tena. Mama mkwe alitia yake kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja, kama anayedarizi. Halafu seremala alianza kuhamisha matofali bila kuambiwa, naye Kalamu akaikunja ramani yake.

Alikuwa katikati ya kichochoro akikunja utepe, mkewe alipoingia kutoka ncha ya pili, amebeba beseni la nguo alizomfulia mama yake. Alikuwa amepitia kuja kusikiliza kesi imeishaje. Wote wawili walisimama. Kalamu akajibanza ukutani.

"Bado unajibanza upande uleule," alisema mkewe akipita, na ukingo wa beseni ukamsugua tumboni.

Ijumaa asubuhi Kalamu alikaa mbele ya skrini mapema. Safari hii aliusoma mnaso herufi kwa herufi: vidoti, tatu. Aliiwasha picha ya angani na hakuizima tena. Akazikamata kona za karakana, moja moja, akazivuta kutoka kwenye ukuta wa mama mkwe mpaka zikakaa zinapostahili, na uzi wa weupe ukafunguka katikati. Akapitisha mstari wa njia humo, kutoka barabara kubwa, mbele ya mlango wa mama, hadi mtaa wa pili. Alifurahi waziwazi, akapiga mluzi, na kijana mmoja akamgeukia kumtazama.

Kila njia ina safu yake kwenye jedwali. Aina: kichochoro. Upana: mita moja nukta mbili. Sehemu ya maelezo watu huiacha tupu, lakini Kalamu alifikiri kidogo, akaijaza, akahifadhi.

Mama Tabaka alikagua vichochoro vyote kumi na kimoja, mara hii si juu juu. Kwenye safu ya mwisho akasita, akasoma kwa sauti.

"'Hupitika mwaka mzima. Wawili wakikutana, mmoja ajibanze ukutani.' Mzee Kalamu, hii nayo umeipima?"

"Mara mbili, mkuu. Ya kwanza ni zamani, ya pili jana."

"Kwa kipimo gani?"

Kalamu alisimama, akamgeuzia mgongo. Lilikuwa shati la jana, alilikataza lisifuliwe, na chokaa ilikuwa imeenea kutoka bega hadi bega. Mama Tabaka alilitazama, akaivuta ramani karibu, akagonga muhuri.