Mlango wa Chemchem

Katika tovuti ya historia ya Tabora aliyokuwa akiijenga Najiat, ukigusa nyumba kuukuu kwenye ramani unasikia mtu akikusimulia habari zake. Yeyote aliweza kutuma sauti, na Najiat ndiye aliyeziruhusu.

Siku moja ikaja sauti ya mwanamke wa Sikonge, Veneranda. Mama wa bibi yake, alisema, aliletwa na msafara wa watumwa kutoka Manyema, Kongo, angali mtoto, akauzwa katika nyumba ya mlango wa nakshi, mtaa wa Chemchem.

Ndimo alimozaliwa Najiat. Baba yake, Mzee Uwesu, alikuwa bado anaishi humo.

Alisikiliza, akainuka, akaenda dirishani, akarudi kusikiliza tena. Akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mwishowe akampelekea baba yake sauti ile barazani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Ifute."

"Ni uongo, baba?"

"Nimesema ifute."

Hakuifuta, wala hakuiruhusu. Kulipokucha akapanda basi la Sikonge, nia yake kumbembeleza yule mwanamke asiitaje nyumba. Alimkuta uani akichuja asali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Najiat akazunguka maneno: hadithi ni nzuri, lakini wangesema tu nyumba fulani ya mjini, isingepungua kitu.

Veneranda akamtazama. "Wewe ni wa mle ndani."

"Ndiyo, mama."

"Bibi yangu akienda mjini alikuwa akipita mbele ya mlango ule, haingii. Nami napita hivyo hivyo. Simdai mtu. Nataka niingie nipaone, basi."

Najiat alimfikishia baba yake maneno hayo yalivyo. Mzee akasema, "Mwambie aje." Lakini siku ya mgeni alitoka mapema bila kuaga. Najiat akajua amekimbia, akampokea Veneranda peke yake, uso umemshuka kwa aibu. Mama wa watu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akatembea uani polepole, mkono ukipapasa ukuta.

Ndipo Mzee Uwesu akaingia na fungu la nyama ya mgeni mkononi. Wakasalimiana. Mzee akaonyesha pembeni kwa kidevu.

"Kisima kilikuwa pale. Wao, walionunuliwa, ndio waliochota. Walilala chumba kile, kikifungwa kwa nje. Nilielezwa na baba yangu."

Veneranda akaketi chini palepale.

"Baba, nirekodi?" Najiat aliuliza.

Mzee aliitazama simu kwa muda. "Rekodi."

Sauti zote mbili ziliwekwa juma lile. Wako jamaa waliopiga simu kutukana, na jirani mmoja akaacha kuitikia salamu. Mzee hakuuliza watu wanasemaje. Najiat kila simu ikilia, huiacha ilie kidogo, kisha huipokea.