Rundo la Hodrivaux

Huko Hodrivaux, rundo la kuni la kufukuza baridi huwashwa na waliofunga ndoa mwisho kijijini mwaka huo. Si meya, si padri. Mwaka ule hakuoa mtu. Vijana walishahamia mjini, waliobaki ni wajane na ng'ombe. Watu wa Noirprez, kijiji jirani, wenye harusi tatu nzima, walikuwa wameshaanza kucheka.

"Kwani Fulgence na Ghislaine si wapo?" akasema mwenye baa.

Wapo, tena sana. Fulgence, fundi wa paa mstaafu, alikuwa akimposa Ghislaine mjane kwa miaka kumi na moja, kila Jumapili wakinywa kahawa. Jibu lilikuwa moja: "Kunywa kahawa yako, mzee." Naye akanywa.

Basi kijiji kizima kikamwendea Ghislaine. Wakamsihi, wakamletea mayai, wakamtajia marehemu mama yake aliyeuwasha moto ule akiwa mja mzito. Siku ya tatu akachoka. Akavaa koti, akavuka barabara hadi kwa Fulgence.

"Haya, nimekubali. Twende kwa meya tukaandikishe, tuwawashie huo moto wao, watuache tupumue."

Fulgence alifurahi, kisha furaha ikamtoka. Neno hilo amelisubiri mpaka meno yameisha, na sasa limekuja kwa ajili ya kuni za watu.

"Sitaki," akasema.

"Ati nini?"

"Mimi si kiberiti, Ghislaine."

Lo, alinuniwa! Jumapili ya moto, watu wa Hodrivaux walisimama kilimani wakitazama mioto ya wenzao, rundo lao limekaa tu, na juu yake sanamu la majani makavu la kuchomwa nalo. Mwenye baa akamnyima bia. Kahawa ya Ghislaine nayo akaikosa, maana aliona haya kubisha hodi. Alijiita mpumbavu, na hakuna aliyembishia.

Mvua ikanyesha wiki mbili. Rundo likaloa, sanamu likaanguka kifudifudi matopeni. Jumapili iliyofuata mlango wa Fulgence ukagongwa. Alikuwa Ghislaine, birika mkononi.

"Moto umepita," akasema. "Kuni zimelowa. Sasa hakuna mtu anayenisihi chochote."

"Ndiyo."

Akaketi, akamimina vikombe viwili. "Sasa wewe, leo huulizi?"

Fulgence akauliza.

"Kunywa kahawa yako, mzee," akasema Ghislaine. "Kesho kwa meya wanafungua saa tatu."